Karatasi ya Rangi Haina Nyeupe: Kuandaa Picha Kabla ya Kuchapa

Hotuba kwa wachapaji na wasanifu wa picha, Kariakoo, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu. Ndugu mwenyekiti, wachapaji wenzangu wa Kariakoo, Mnazi Mmoja na kwingineko, vijana mnaokesha mbele ya kompyuta mkipanga kadi na vipeperushi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo wengi wetu tunaifanya kwa kubahatisha: kuchapa picha ya rangi juu ya karatasi ambayo tayari ina rangi yake. Kadi ya mchango kwenye manila ya krimu, ratiba ya ibada ya mazishi kwenye karatasi ya samawati, kipeperushi cha shule ya awali kwenye njano. Mteja anafika ameshachagua karatasi, pengine rimu ameshainunua, na picha iko kwenye simu. Anataka itoke kama anavyoiona kwenye simu. Haitatoka hivyo, na ni wajibu wetu kumwambia mapema, kisha tumfanyie kilicho bora kinachowezekana. Na kinachowezekana ni kikubwa kuliko tulivyozoea kudhani, ilimradi tujue karatasi inaruhusu nini na inakataa nini kabla hatujaigusa picha.

Nianze na wino. Wote hapa mnazijua picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vibao vya hadibodi, kwa rangi za kupakia baiskeli. Rangi ile ni nzito, inaziba. Mchoraji anaweza kupaka usuli mweusi wote, ukakauka, halafu akaweka nukta nyeupe juu ya mgongo wa chui na nyeupe ikabaki nyeupe. Sisi wachapaji hatuna uwezo huo. Wino wetu wa sayani (bluu ya kuelekea kijani), majenta (pinki iliyokolea) na njano unapitisha mwanga. Mwanga wa taa au wa jua unapenya kwenye wino, unagonga karatasi, unarudi juu kupitia wino ule ule hadi kwenye jicho lako. Wino kazi yake ni kupunguza tu: sayani inakula mwanga mwekundu, majenta inakula wa kijani, njano inakula wa bluu. Mwanga wote unaouona kwenye picha iliyochapwa umetoka kwenye karatasi.

Sasa weka karatasi ya njano. Karatasi hiyo imeshakula sehemu kubwa ya mwanga wa bluu kabla mashine yako haijawashwa. Ni kama kuivalisha picha nzima miwani ya njano ambayo haivuliki. Mashine ya kawaida haina wino mweupe, kwa hiyo hakuna kitufe chochote kwenye programu kitakachorudisha bluu ambayo karatasi imekataa kuirudisha. Mahali ambapo picha ina nyeupe, mashine haiweki kitu, na inayoonekana pale ni karatasi yenyewe. Rangi ya karatasi ndiyo dari. Chini ya dari unaweza kufanya mengi, kuitoboa huwezi.

Hesabu yake ni nyepesi, na ningependa kila msanifu aijue kwa kichwa. Kwenye kompyuta kila rangi ina namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 hadi 255. Chukua namba ya picha, izidishe kwa namba ya karatasi, gawanya kwa 255. Unachopata ndicho kitakachoonekana, kwa makadirio.

Tuifanye hapa. Karatasi ya njano, tuseme ina 255, 245, 160. Picha ni ya ufukwe wa Kigamboni, anga safi la mchana lenye 135, 206, 235. Nyekundu inabaki 135. Kijani inashuka kutoka 206 hadi 198, si neno. Bluu inatoka 235 na kuangukia 147. Zisome hizo namba upya: 135, 198, 147. Hiyo si bluu tena, ni kijani cha majani machanga. Mteja akipokea kazi yake anasema mashine yako ina tatizo la wino, fundi anaitwa, katriji zinabadilishwa, na anga linabaki kijani. Mashine haina kosa.

Je, tunaweza kuligeuza? Hesabu ya kurudi nyuma ni kugawanya badala ya kuzidisha: rangi unayoitaka, igawanye kwa rangi ya karatasi, zidisha kwa 255. Bluu ya 235 ukiigawanya kwa 160 unapata 374 hivi. Namba hiyo haipo. Umegonga dari. Kwa hiyo anga lile, kwa mwangaza ule, halichapiki kwenye karatasi hii, na msanifu atakayekesha akilitafuta atachoka bure. Lakini anga la bluu lenye giza zaidi linapatikana. Shusha zote tatu kwa uwiano ule ule hadi bluu ifikie 160: unapata 92, 140, 160. Ili karatasi ile ikupe rangi hiyo, picha unayoituma kwenye mashine iwe na 92, 146, 255. Kwenye skrini itakushtua, anga limekolea kama bluu ya kufulia. Ichape. Litatoka anga la bluu tulivu, la jioni badala ya mchana, lakini mtu yeyote ataliona ni anga.

Hiyo ni hesabu ya kuanzia. Wino halisi hauko safi kama namba: sayani inachafua kidogo kwa kula kijani na bluu ambazo ingepaswa kuziacha, na majenta inakula bluu kuliko tungependa. Karatasi isiyo na mng'ao, nayo, inanyonya wino na nukta zinatanuka, picha inakuwa nzito. Kwa hiyo namba zinakufikisha mlangoni, na kuingia ndani ni kazi ya nakala ya majaribio.

Asiyependa hesabu ana njia ya macho, na mimi kazini natumia hii zaidi. Fungua picha kwenye programu ya kuhariri picha, Photoshop au GIMP, ile ya pili ni ya bure. Ongeza leya mpya, yaani tabaka, juu ya picha, ijaze kwa rangi ya karatasi yako, kisha badilisha hali ya leya hiyo iwe Multiply. Hapo kompyuta inafanya kuzidisha kule kule kwa kila nukta ya picha, na skrini inakuonyesha kazi itakavyotoka. Sasa nenda kwenye leya ya chini, ya picha, ukarekebishe kwa Curves, kifaa cha kupandisha na kushusha mwanga wa kila rangi, ukiangalia matokeo kupitia leya ya juu. Ukiridhika, zima leya ya juu kabla ya kuchapa. Nawasihi hapo, zimeni ile leya. Ikibaki, mashine itachapa rangi ya karatasi juu ya karatasi yenye rangi hiyo hiyo, na kazi itazama mara mbili.

Rangi ya karatasi utaijuaje? Iweke kwenye skana pamoja na kipande cha karatasi nyeupe, zima marekebisho yote ya kujiendesha, chukua namba. Simu inafaa pia, kwa sharti kwamba uufunge mpangilio wake wa nyeupe (white balance) usijibadilishe, kwa sababu kamera ikiachiwa yenyewe itaiona karatasi ya krimu, itadhani taa ndiyo ya njano, na itaifuta ile rangi unayoitafuta. Muwe waangalifu pia na ile karatasi nyeupe ya fotokopi mnayolinganishia. Nyingi zimetiwa kemikali inayogeuza miale ya jua isiyoonekana kuwa mwanga wa bluu, ndiyo maana zinang'aa juani. Krimu ikilazwa pembeni yake inaonekana ya njano kuliko ilivyo, na msanifu anasahihisha kupita kiasi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa, nalo ni nyuso za watu.

Mmeiona ratiba ya mazishi iliyochapwa kwenye karatasi ya samawati. Mbele kuna picha ya marehemu, mama wa watu, amevaa gauni lake la sikukuu. Ngozi yake ya maji ya kunde imekuwa ya kijivu, midomo haina damu, mashavu yamepauka. Familia imeketi kanisani au barazani, karatasi hiyo iko mkononi kwa saa mbili, na baadaye itahifadhiwa kwenye Biblia au kwenye droo kwa miaka. Hiyo ndiyo picha ambayo wajukuu wataikuta. Sikubaliani hata kidogo na mwenzetu anayesema kwamba mteja ndiye aliyechagua karatasi, basi shauri yake. Mteja hajui mambo ya mwanga. Sisi ndio tunaojua.

Tazameni kinachotokea. Karatasi ya samawati, tuseme 190, 215, 245. Shavu la mama huyo kwenye picha ni 150, 100, 75. Zidisha na ugawanye: linatoka 112, 84, 72. Kilichoipa ngozi uhai ni ile nafasi kati ya nyekundu na bluu. Mwanzo ilikuwa 75, sasa imebaki 40. Nyekundu ndiyo iliyoliwa, na mtu akikosa nyekundu usoni anaonekana mgonjwa.

Habari njema ni hii. Rudisha hesabu kwa kugawanya: picha ikitumwa na 201, 119, 78, shavu linatoka 150, 100, 75 kama lilivyokuwa. Namba zote ziko chini ya 255. Hakuna dari iliyogongwa. Ngozi zetu nyeusi na za kahawia zina nafasi ya kutosha chini ya dari ya karatasi nyingi za rangi, kwa hiyo uso wa mtu wetu unaokoleka pale ambapo gauni jeupe na mawingu haviokoleki. Tunapouacha uso uwe wa kijivu, tunaacha kitu tulichokuwa na uwezo nacho.

Sehemu ngumu ya uso ni pale panapong'aa, kwenye paji na kwenye ncha ya pua. Tuseme pana 210, 170, 150. Nyekundu ya 210 kwenye karatasi hiyo inadai 282, haipo. Ukilazimisha, mng'ao wote utakuwa bapa moja lililopungukiwa nyekundu katikati ya paji la uso, kama kibandiko. Dawa yake ni kuishusha nuru ya uso mzima kidogo kabla ya kurekebisha rangi, ili mng'ao nao uingie chini ya dari. Hapo utapoteza mwangaza kidogo. Kisha nenda kwenye vivuli, chini ya kidevu na kwenye nywele, uviinue, kwa sababu karatasi ya rangi imeshashusha dari na ukiacha vivuli vilivyo uso wa mtu mweusi utaziba na macho yatapotea. Macho kwanza, ndugu zangu. Picha ambayo macho yanaonekana vizuri inasamehewa mengi.

Lakini msirekebishe hadi mwisho. Hesabu inasema nyekundu iwe 201, mimi huishia 180 hivi. Sababu iko kwenye jicho la binadamu. Mtu akishika karatasi ya samawati mkononi kwa muda, jicho lake linaizoea na kuichukulia kama nyeupe ya ukurasa ule. Uso uliorekebishwa kikamilifu, ukizungukwa na samawati, unaonekana mwekundu kupita kiasi, kama mtu aliyetoka jikoni. Nusu ya safari, au kupita nusu kidogo, ndiyo inayokaa vizuri.

Kwa krimu kanuni hiyo ina nguvu zaidi. Manila ya krimu iko karibu sana na nyeupe, na jicho linaizoea mara moja. Vijana wengi wakiona krimu wanamwaga sayani kwenye picha nzima kuua unjano. Matokeo yake shela la bibi harusi linakuwa na ukungu wa bluu, na kanzu ya bwana harusi inaonekana haijafuliwa. Acheni nyeupe ziwe karatasi. Kwenye shela usiweke wino wowote isipokuwa kwenye mikunjo, na mikunjo yenyewe iwe na kijivu chepesi cha joto kinachoendana na krimu. Ngozi ipunguzie njano kidogo, kwa kuwa karatasi inaiongeza yenyewe. Basi. Krimu inazipenda picha za watu wetu, na mteja akiniuliza karatasi gani ya rangi ninampendekezea kwa picha ya sura, ninamjibu krimu kabla hajamaliza swali.

Pinki si mbaya kwa nyuso, inaongeza wekundu tu. Kijani ndiyo adui. Karatasi ya kijani iliyokolea inakula nyekundu na bluu, ikabakiza kijani peke yake. Wino mwekundu, ambao ni majenta na njano pamoja, unakula kijani na bluu. Wakikutana hawa wawili hakuna mwanga uliobaki. Jezi nyekundu ya Simba ukiichapa kwenye karatasi ya kijani inatoka kahawia iliyokaribia nyeusi, na hakuna marekebisho yatakayoiokoa. Mteja wa namna hiyo mwambie ukweli na umwonyeshe.

Karatasi zilizokolea sana, kijani, nyekundu, bluu ya bahari, ushauri wangu ni kuachana kabisa na picha ya rangi nne (sayani, majenta, njano na nyeusi). Igeuze picha iwe ya wino mmoja mweusi, panua tofauti kati ya mwanga na giza, na uiache karatasi iwe rangi ya pili. Wenye mashine za Riso, zile za kurudufu, mnalijua hili, kwa kuwa kazi yenu ni ya wino mmoja mmoja tangu mwanzo, na jarida la shule lililochapwa nyeusi juu ya njano linapendeza kuliko picha ya rangi iliyopigana na karatasi. Wenye skrini za mkono, zile fremu za kitambaa za kupitishia wino, mna bahati zaidi: wino mweupe wa kuziba mnao, mnaweza kuutandaza kwanza chini ya picha. Zipo pia mashine za kidijitali zenye tona (wino wa unga) nyeupe zinazofanya hivyo hivyo, ila gharama inapanda kwa kila karatasi, na mteja wa kadi 300 za mchango lazima aambiwe kabla. Njia nyingine, ambayo wazee hapa wameifanya miaka mingi, ni kuchapa picha kwenye karatasi nyeupe nzuri na kuibandika kwenye kadi ya rangi. Inachukua muda, lakini kwa kadi ya harusi ni kazi ya heshima na sioni kwa nini tumeiacha.

Niseme kidogo juu ya mipangilio ya mashine, maana hapo kazi nzuri huharibikia. Profaili ya rangi, yaani faili linaloiambia mashine iweke wino gani kwa kila rangi, iliyokuja na mashine ilitengenezwa kwa karatasi nyeupe. Haijui kwamba umeweka samawati. Ukiwa umerekebisha picha mwenyewe, hakikisha programu na mashine havirekebishi vyote viwili kwa pamoja. Chagua mmoja asimamie rangi na mwingine azimwe. Chagua aina ya karatasi inayolingana na unene na mnyonyo wa ile uliyoweka, kwa sababu hapo ndipo mashine inapoamua kumwaga wino kiasi gani. Kwa jiji letu lenye unyevu, karatasi ya rangi isiyo na mng'ao iliyokaa nje ya pakiti wiki nzima inajikunja na inanyonya wino tofauti na ile uliyoifungua leo, kwa hiyo jaribio lifanyike kwenye karatasi ile ile itakayotumika, kutoka rimu ile ile. Rimu mbili za krimu zilizonunuliwa maduka mawili zinaweza zisifanane.

Na nakala ya majaribio ikitoka, tafadhali msiihukumu chini ya taa ya dukani. Mwanga sanifu wa kuangalizia chapa duniani ni wa kelvini 5,000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na vibanda maalumu vya mwanga huo vinauzwa. Asiye na kibanda atoke nje asimame kivulini, asubuhi au mchana, asiingie juani moja kwa moja. Kisha aiangalie mara ya pili kwenye mwanga ambamo kadi itasomwa. Kadi ya sherehe itasomwa ukumbini usiku, chini ya taa za njano, na karatasi ya samawati chini ya taa hizo inapoteza usamawati wake mwingi, ile nyekundu uliyoiongeza usoni ikazidi. Ndiyo sababu nyingine ya kutorekebisha hadi mwisho.

Jambo la malipo. Nakala ya majaribio ina gharama ya wino, karatasi na muda, na wengi tunaitoa bure au hatuifanyi kabisa. Iandikwe kwenye bei tangu mwanzo, kwa jina lake. Mteja akiishika mkononi aisaini, na nakala moja yenye sahihi ibaki kwako. Nyuma yake andika jina la karatasi, duka ulikoinunua, tarehe na namba za Curves ulizotumia. Ukiwa na faili la nakala za namna hiyo, krimu, samawati, pinki, njano, kila moja na uso wa mtu mmoja uliorekebishwa na usiorekebishwa pembeni, utamwekea mteja mezani naye atachagua karatasi akiwa anaona. Wengi watahama wenyewe kutoka samawati kwenda krimu bila wewe kubishana nao.

Mezani pale kuna rimu za rangi nne, skana na mashine mbili, moja ya wino na moja ya tona. Waliokuja na picha zao kwenye flashi watangulie, na tuanze na samawati kwa kuwa ndiyo inayosumbua. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.